Wavyale, Mizimu na Popo: Urithi wa Koo za Mwanzo katika Wilaya ya Mkoani, Pemba

Habari za kuhifadhi wanyama katika Afrika ya Mashariki zimezoeleka kuanzia bara, kwa majina ya wawindaji na walowezi waliogeuka kuwa walinzi wa mbuga. Pemba haina simba wala tembo, na wala haikuwa na walowezi wa namna hiyo. Walakini kisiwa hiki kina mnyama wake mmoja asiyepatikana penginepo popote duniani, naye ni popo mkubwa alaye matunda. Makala haya yakusudia kuonyesha kwamba kusalia kwa mnyama huyo hakuwezi kuelezwa sawasawa bila ya kutazama kwanza koo zilizotangulia kukaa katika nchi, na hasa miiko ya mahali ambayo koo hizo ziliwaachia wazao wao.

Yafaa kuanza na neno lenyewe. Katika Pemba, kama katika kusini ya Unguja, mwenye asili ya mji huitwa mvyale. Neno hili latokana na kitenzi kuvyaa, ambacho ni sawa na kuzaa cha Kiswahili Sanifu, na ambacho hata katika lugha ya leo kimebakia ndani ya maneno kama mavyaa, yaani mama wa mume au wa mke. Kwa maana ya asili, basi, mvyale ni mtu aliyezaliwa mahali. Tukilinganisha na neno mzalia, lililotoka katika shina hilo hilo, twaona maneno mawili ndugu yaliyofikia makao mbalimbali. Mzalia katika miji ya pwani alikuwa mtu aliyezaliwa hapo kwa wazazi wageni, mara nyingi watumwa. Mvyale akawa mwenyeji wa wenyeji, mtu ambaye wazee wake ndio waliofyeka msitu wa kwanza na kuafikiana na wenyewe wasioonekana. Kuzaliwa ni kule kule; kilichowatenga ni ardhi.

Cheo cha mvyale hakikuwa cha utawala. Hakukusanya kodi wala hakuamua mashauri ya sheria, kwani hayo yalikuwa ya masheha na makadhi. Kazi yake ilikuwa ni kuangalia mizimu. Hapa pia lugha yatusaidia, kwa sababu neno mzimu, ambalo kwingine lina maana ya roho ya aliyekufa, katika visiwa hivi lina maana ya mahali vilevile: pango, mbuyu au kichaka ambamo hufukizwa ubani na kuwekwa sadaka. Mahali palipoitwa mzimu hapakukatwa kuni wala hapakulimwa. Kadhalika vichaka vya makaburi ya wazee viliachwa kama vilivyo, na miti yake ikakua mikubwa kwa sababu hapana aliyethubutu kuishika shoka juu yake.

Koo nyingi za Pemba hujihesabu kuwa za Kishirazi. Tarikh ya Kilwa ya Kiarabu yasimulia habari ya majahazi saba yaliyotoka Shiraz, la tano likatua Kisiwa cha Kijani, ndiyo Pemba, la sita Kilwa na la saba Nzwani katika Komoro. Wanahistoria hawaichukui hadithi hiyo kuwa ni hesabu ya safari iliyotokea neno kwa neno. Lakini ramani yake ni ya kweli, maana yaonyesha jinsi watu wa pwani walivyofahamu udugu wa visiwa hivyo. Ajabu ni kwamba popo wa Pemba naye ana ramani iliyo karibu na hiyo. Yeye ni wa jamii ambayo wataalamu huiita Pteropus, iliyoenea Asia na visiwa vya Bahari ya Hindi. Ndugu zake wako Komoro, Mafia, Bukini na Shelisheli. Katika bara la Afrika hayuko hata mmoja, ingawa toka Pemba hadi mrima ni kiasi cha kilomita 50 tu. Mnyama huyu, kwa hiyo, ni mvyale wa kisiwa kwa maana iliyo ya zamani kuliko ya mtu yeyote.

Msiba wake ulianza na karafuu. Katika karne ya 19 misitu ilifyekwa ili kupanda mikarafuu, na tufani ya mwaka 1872 ilipoangamiza mashamba ya Unguja na kuiacha Pemba karibu salama, Pemba ndiyo iliyokuwa shamba kuu la karafuu la Zanzibar. Msitu wa asili ukabaki vipande, kikubwa chake kikiwa Ngezi, huko kaskazini. Katika kusini, nchi ya Mkoani, kilichosalia kilikuwa ni mikoko ya pwani, mashamba yaliyoachwa yakaota magugu, na vichaka vile vya mizimu na makaburi. Popo, ambaye hutaka miti mirefu ya kuning'inia mchana pamoja na wenziwe kwa mamia, akakimbilia humo. Usiku alitoka kutafuta maembe, mashelisheli na tini za mwitu, na asubuhi akarudi kulala.

Mwanachuoni wa Kijerumani, Alfred Voeltzkow, alifika Pemba mwaka 1903, na mwaka 1909 Paul Matschie akamtangaza popo huyu kwa wataalamu wa Ulaya kwa jina la Pteropus voeltzkowi. Hivyo mnyama aliyelala kwa karne nyingi juu ya makaburi ya wazee wa Kipemba akachukua jina la msafiri aliyepita. Si jambo la kulaumu, kwa kuwa ndiyo desturi ya elimu hiyo. Ila yapasa lisitusahaulishe ni nani aliyekuwa amemweka.

Wala haifai kuwasifu wavyale kupita kiasi. Mwiko wao ulikuwa wa mahali, haukuwa wa mnyama. Popo aliyetoka nje ya kichaka aliweza kuwindwa, na watu wengine walimla, ingawa kauli mashuhuri ya wanazuoni wa Kishafii yamharimisha. Maadamu uwindaji ulikuwa wa mitego na nyavu, upungufu haukuonekana. Bunduki zilipoingia katika kazi hiyo, na miti ya kulalia ikazidi kukatwa, hesabu ilianguka, hata mwaka 1989 watafiti waliona popo wachache mno, na mwaka 1996 mnyama akaandikwa katika daraja ya walio hatarini kabisa kutoweka.

Hapo ndipo uhifadhi wa kisasa ulipokuja. Katika miaka ya 1990 idara ya misitu ya Zanzibar, ikisaidiwa na shirika la Fauna & Flora International, ilihimiza vijiji kuunda vikundi vya kuwalinda popo, na Sheria ya misitu Namba 10 ya mwaka 1996 ikafungua njia ya jamii za vijiji kukabidhiwa misitu yao. Kidike, kando ya njia ya kutoka Mkoani kwenda Chake Chake, ni kijiji kilichojulikana sana kwa kazi hiyo. Mgeni hulipa kiingilio kutazama popo mitini, na fedha ni ya wanakijiji. Hesabu za baadaye zilipanda hadi maelfu mengi, na mnyama akaondolewa katika daraja ile ya hatari kabisa.

Twaweza kuuliza kwa nini maneno ya wageni yalikubalika upesi hivyo. Sehemu ya jawabu ni kwamba hayakuwa mapya. Kumwambia Mpemba kwamba kichaka fulani hakikatwi ni kumkumbusha jambo, si kumfundisha. Mfano wa Misali wathibitisha hayo. Kisiwa hicho, ambacho jina lake hunasibishwa na msala wa kusalia, kilifanywa hifadhi mwaka 1998, na wavuvi waliitikia zaidi walipoelezwa wajibu wao kwa aya za Kurani kuliko walipotishwa kwa faini.

Hatari iliyobaki ni ya lugha kadiri ilivyo ya misitu. Kijana wa leo aweza kusema "hifadhi" na "mazingira" asilijue neno mvyale, au akalidhani kuwa ni la ushirikina tu. Hifadhi yaweza kuandikwa leo na kufutwa kesho kwa waraka mwingine. Mzimu haukuhitaji waraka, bali ulihitaji watu waliojua jina la mahali, na kwa nini likaitwa hivyo, na ni ukoo gani ulioulizwa kabla ya shoka kuinuliwa. Majina hayo ya vichaka, makaburi na mapango katika Mkoani yangali vinywani mwa wazee. Kuyakusanya na kuyaandika pamoja na habari zake ni kazi ya wanafunzi wa Kiswahili kabla ya kuwa kazi ya wataalamu wa wanyama, na wakati wake ni sasa, wazee hao wakali hai.