Edward Tingatinga: Manamba Aliyeacha Ujuzi Nyuma Yake

Ndugu zetu wa Kilosa na Mikumi,

Sisi tuliokulia Kimamba, Rudewa na Kilosa mjini tunalijua vizuri neno manamba. Wengi wetu ni watoto na wajukuu wa watu waliotoka mbali kuja kufanya kazi ya mkonge, wakaoa, wakajenga na kuzikwa hapa. Mwaka huu tunawaletea habari za kijana mmoja aliyepita njia hiyo hiyo huko Tanga.

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 Tunduru, kusini mwa nchi. Alihamia Tanga akafanya kazi kwenye mashamba ya mkonge, kisha akaenda Dar es Salaam kutafuta maisha. Huko aliishi kwa kazi za nyumbani na vibarua. Hakusomea sanaa popote. Mwaka 1968 hivi alianza kuchora tembo, chui na ndege kwenye vipande vya hadibodi, kwa rangi ya baiskeli, kwa kuwa ndivyo vilivyopatikana kwa bei nafuu. Picha zake ziliuzwa chini ya mbuyu, nje ya duka la Morogoro Stores, Oysterbay, ambako wageni wengi walikwenda kununua mahitaji yao.

Kimahesabu, mtaji wake ulikuwa mdogo sana. Uamuzi wake mkubwa ulikuja soko lilipofunguka: aliwachukua ndugu na jamaa zake wa kusini akawafundisha, miongoni mwao Simon Mpata, Ajaba Abdallah Mtalia na January Linda.

Aprili 1972 polisi walimpiga risasi Dar es Salaam wakimdhania mhalifu anayekimbia. Alikuwa amechora kwa miaka minne hivi tu. Lau angeuficha ujuzi wake, tungeuzika pamoja naye. Wanafunzi wake waliendelea, wakafundisha wengine, na mwaka 1990 wachoraji wakaunda chama cha ushirika chenye jina lake. Leo Tingatinga ni mtindo wa uchoraji unaojulikana hadi Japani na Denmark.

Tembo na twiga wanaochorwa kwenye picha hizo tunao sisi, Mikumi, iliyo hifadhi ya taifa tangu 1964. Magari ya watalii yanapita mbele ya nyumba zetu. Vijana wetu wenye mikono mizuri wapo: wachoraji, maseremala, wafinyanzi. Wanachokosa ni vifaa vya kuanzia na fundi wa kuwashika mkono.

Ndiyo maana tunawaomba, mnapojaza fomu ya ahadi iliyomo humu, mtenge sehemu ya mchango wenu kwa ajili ya vifaa na mafunzo ya kazi za mikono. Na aliye fundi, hata asipokuwa na fedha, atuandikie siku anazoweza kuja nyumbani kufundisha. Huo nao ni mchango, na tutauandika kitabuni kama michango mingine.

Haba na haba hujaza kibaba. Karibuni tuchangie.