Sikukuu za Mwingereza na sherehe ya Wanandi iliyozimwa

Kabla ya kuitwa Eldoret, mahali hapa palijulikana kwa nambari ya shamba tu: Sixty-Four, yaani 64. Makaburu kutoka Afrika Kusini walifika nyanda za Uasin Gishu mwaka 1908 kwa magari ya kukokotwa na ng'ombe. Posta ikafunguliwa 1910, na mwaka 1912 mji ukapewa jina lake la sasa. Pamoja na posta, bendera na kodi ya nyumba, ikaingia pia kalenda ya Mwingereza.

Kalenda hiyo ilibeba sikukuu za aina mbili. Zilikuwepo za kanisa: Ijumaa Kuu, Jumatatu ya Pasaka na Krismasi. Zilikuwepo pia za ufalme: siku ya kuzaliwa kwa mfalme, na Siku ya Dola kila 24 Mei, tarehe aliyozaliwa Malkia Victoria. Siku hiyo watoto wa shule katika makoloni walipangwa mistari mbele ya bendera ya Uingereza na kuimba wimbo wa kumwombea mfalme. Kila 11 Novemba walikumbukwa askari waliokufa katika Vita Vikuu vya Kwanza. Makaburu nao walikuwa na siku yao, 16 Desemba, ya kukumbuka vita vya babu zao na Wazulu mwaka 1838.

Krismasi ilifuatwa na Boxing Day, inayosemekana kutokana na desturi ya matajiri wa Uingereza. Watumishi wao walishinda jikoni na mezani siku ya Krismasi, na kesho yake wakapewa ruhusa ya kwenda kwao pamoja na sanduku la zawadi au pesa. Mwaka 1871 Bunge la Uingereza liliitia siku hiyo katika sheria ya mapumziko ya benki, na kutoka huko ikasambaa katika makoloni.

Wakati Mwingereza akisherehekea siku zake kwa uhuru, jirani zetu Wanandi walinyimwa yao. Wanandi walikuwa na sherehe kubwa iitwayo saget ab eito, ambamo ng'ombe alichinjwa na rika lililokuwa likitawala likakabidhi uongozi kwa rika lililofuata. Ilikuja mara moja baada ya miaka mingi, na kwa hiyo kila kizazi kiliingoja kwa hamu. Ilipangwa kufanyika Oktoba 1923, wakati ambapo Wanandi walikuwa na uchungu mwingi. Ardhi yao ilikuwa imegawiwa askari wa Kizungu waliotoka vitani, ng'ombe wao walizuiwa kwa karantini wasiuzwe, na kodi ilikuwa imepanda. Serikali ikahofia kwamba sherehe ingegeuka kuwa maasi. Ikaipiga marufuku, na tarehe 16 Oktoba 1923 ikamkamata Barsirian arap Manyei, Orkoiyot, yaani kiongozi wa kiroho wa Wanandi, pamoja na wazee kadhaa. Barsirian hakuachiliwa hadi mwaka 1964, wakati Kenya ilikuwa tayari huru.

Uhuru ulipokuja, sikukuu za ufalme ziliondoka na wenyewe. Siku ya Dola ilikuwa imekwisha kubadilishwa jina mwaka 1958 na kuwa Siku ya Jumuiya ya Madola, lakini haikuota mizizi hapa. Nafasi yake ilichukuliwa na siku zetu: Madaraka, 1 Juni, na Jamhuri, 12 Desemba. Tarehe 20 Oktoba, siku ambayo mwaka 1952 serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari na kuwakamata Jomo Kenyatta na wenzake, ikawa Siku ya Kenyatta. Katiba ya 2010 ikaiita Siku ya Mashujaa. Inafuata siku moja tu baada ya 19 Oktoba, tarehe ambayo mwaka 1905 Orkoiyot wa Wanandi, Koitalel arap Samoei, aliuawa na afisa wa Kiingereza, Meinertzhagen, katika mkutano alioitiwa kwa ahadi ya amani.

Krismasi na Boxing Day zimebaki kwa sababu wenyeji wamezijaza maisha yao wenyewe. Desemba mahindi yamevunwa na shule zimefungwa. Stendi za Eldoret hufurika watu kutoka Nairobi na Mombasa wakielekea Nandi, Elgeyo Marakwet, Trans Nzoia na Magharibi, hata nauli zikipanda. Nyumbani wanangojewa na maziwa ya mursik na mbuzi. Ndio mwezi ambao vijana wengi wa Kikalenjin hutoka jandoni, posa hupelekwa na koo hukutana. Serikali iliwahi kupendekeza 26 Desemba iitwe siku ya Utamaduni. Jina la Boxing Day limedumu, lakini utamaduni unaofanyika siku hiyo ni wetu.

Eldoret ilitawazwa kuwa jiji tarehe 15 Agosti 2024. Jiji lenye hadhi hiyo linapaswa kujua jinsi kalenda yake ilivyoandikwa, na nani alinyamazishwa ilipokuwa ikiandikwa. Serikali za kaunti za Uasin Gishu na Nandi ziweke kumbukumbu ya Oktoba 1923 mahali ambapo mtoto wa shule ataiona. Nanyi wazazi, ukoo utakapokusanyika Desemba hii, mpeni mzee nafasi awasimulie wajukuu habari za Barsirian na sherehe iliyozimwa. Msingoje mwaka mwingine, kwa maana wanaozijua habari hizi wanazidi kupungua.