Habari za talaka magazetini, Uingereza

Habari za talaka magazetini ni taarifa za kesi za ndoa na watoto zinazoandikwa na waandishi wa habari za mahakama. Nchini Uingereza historia yake ni mvutano kati ya haki ya umma kujua na haki ya familia kustiriwa.

Sheria ya mwaka 1857 iliunda mahakama maalumu ya talaka, iliyoanza kazi mwaka 1858. Kabla ya hapo, aliyetaka talaka ya kumruhusu kuoa tena alihitaji sheria yake mwenyewe ipitishwe Bungeni, gharama ambayo ni matajiri tu waliiweza. Magazeti yakajaa ushahidi wa uzinzi, barua za mapenzi na maneno ya watumishi wa ndani. Mwaka 1859 Malkia Victoria alimlalamikia kwa barua Lord Campbell, aliyekuwa Lord Chancellor, akiuliza kama habari hizo zingeweza kuzuiwa. Hazikuzuiwa.

Kesi ya talaka ya familia ya Russell, iliyotikisa nchi miaka ya 1920, ilichochea sheria ya 1926. Tangu hapo magazeti yaliruhusiwa kutaja tu majina ya wahusika, madai kwa ufupi, hoja za kisheria na hukumu. Simulizi za chumbani zikakatazwa.

Kesi za watoto zilibaki faraghani. Waandishi waliruhusiwa kuzihudhuria mwaka 2009, lakini kuandika waliyoyasikia kulibanwa. Majaribio ya uwazi, ya kuwaruhusu waandishi kuripoti kesi hizo, yalianza Leeds, Cardiff na Carlisle mwaka 2023, na mwaka 2025 utaratibu huo ukaenea England na Wales kote. Jina la mtoto bado halichapishwi, na ndivyo inavyostahili.