Uko Kericho ama Bomet na unataka saiti? Hii hapa unaitengeneza na simu, bila kulipa hata bob

Tuseme mathe anauza majani kwa senta flani huko Konoin. Group ya WhatsApp ya senta imejaa, kila mtu anatuma yake: matanga, meme, mechi ya Arsenal. Halafu jioni mtu anauliza, "Lori inapita saa ngapi leo?" Jibu lilitumwa asubuhi, lakini limezikwa chini ya stika. Majani nayo hayangoji. Yakikaa sana kwa gunia yanashika joto, yanaharibika, na karani anayakataa. Hiyo ni chapaa imeenda.

Senta kama hiyo inahitaji ukurasa mmoja tu, wenye linki moja, ambao haupotei. Kuutengeneza ni rahisi kuliko venye unadhani.

Jenereta ya saiti ni nini?

Si ile ya kuokoa watu stima ikipotea. Ni programu ndogo inachukua maandishi yako ya kawaida, inayavalisha muundo, inakutolea kurasa za HTML ziko tayari kuwekwa kwa intaneti.

Fikiria kibanda cha chai pale stage ya Litein. Kuna njia mbili za kuuza. Ya kwanza, kila mteja akiingia unawasha jiko, unachemsha maji, unaweka majani na maziwa, anangoja. Hivyo ndivyo saiti za WordPress hufanya kazi kwa kawaida: ukibonyeza, seva inakimbia kwa databesi, inakupikia ukurasa hapo hapo. Ya pili, unapika mara moja asubuhi, unajaza thamosi, kila anayekuja anamiminiwa. Hiyo ndiyo saiti tuli. Jenereta ndiyo jiko, na inawaka tu wakati unabadilisha kitu.

Ndiyo maana saiti hizi hufunguka chap chap hata kama netiweki iko chini kule mabondeni. Ukurasa wa maandishi matupu ni kilobaiti chache, unakula bando kidogo kuliko picha moja ya WhatsApp. Na kwa sababu hakuna databesi nyuma, mahacker wanabaki na milango michache ya kujaribu.

Hii si kitu mpya. Saiti ya kwanza duniani, ile ya Tim Berners-Lee ya 1991, ilikuwa kurasa tuli tu. Mwaka wa 2004 John Gruber akaleta Markdown, njia nyepesi ya kuandika bila kusumbuana na kodi. Mwaka wa 2008 Tom Preston-Werner, mmoja wa waanzilishi wa GitHub, akatoa Jekyll. Hugo ikafuata 2013. Leo tunatumia Jekyll, kwa sababu GitHub wanakuendeshea bure kwa seva zao. Hauhitaji laptop.

Form iko hivi

1. Fungua akaunti ya bure kwa github.com. Chagua jina fiti, kwa sababu litakuwa anwani yako. Tuseme ni *sentayetu*.

2. Tengeneza repo mpya, iwe Public, uiite *sentayetu.github.io*. Kioo cha simu kikikubana, weka brauza kwa Desktop site.

3. Ongeza faili linaitwa *_config.yml*, uandike mistari miwili:
title: Senta Yetu
theme: minima

4. Ongeza faili lingine, *index.md*. Hapa ndipo habari zinakaa:
# Lori wiki hii
- Jumatatu: saa tano asubuhi
- Jumanne: saa nane mchana
- Jumatano: hakuna mchumo

Alama ya # inafanya kichwa, kistari kinafanya orodha, nyota mbili mbili zinakoleza wino.

5. Bonyeza Commit changes. Ingia Settings, halafu Pages, uhakikishe imechagua branch ya main. Ngoja kidogo, inaweza kufika dakika kumi. Fungua *sentayetu.github.io*. Uko hewani!

Unataka watu wakufikie? Weka linki ya wa.me/ ikifuatwa na namba yako ikianza na 254, bila alama ya kujumlisha na bila ile sifuri ya mbele. Akibonyeza, anatua kwa WhatsApp yako. Baadaye ukipata doh, nunua domeni ya .co.ke kwa wakala aliyesajiliwa na KENIC, uiunganishe hapo hapo kwa Pages.

Mahali inagonga mwamba

Saiti tuli haipokei malipo yenyewe, haina login, na haihesabu kilo za mtu. GitHub pia wanasema wazi kuwa Pages si ya kuendesha duka la online. Ukitaka duka, tafuta hosti mwingine.

Halafu kuna hii, na usiichukulie mchezo. Repo ikiwa Public, dunia nzima inaona ndani. Usiwahi kupandisha orodha ya wakulima na namba zao za uanachama, kilo zao, ID ama simu. Ukifuta faili leo, toleo la jana bado liko kwa historia ya repo. Msimu wa bonus ukifika, matapeli huwa macho, na orodha kama hiyo ni zawadi kwao. Kenya iko na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na "sikujua" haitakuokoa. Weka saa za lori, siku za mikutano na matangazo ya kiwanda, iwe Momul, Kapkoros ama Mogogosiek. Mambo ya mtu binafsi yabaki kwa risiti yake.

Ukishaseti, bandika linki juu kabisa kwa maelezo ya group. Kazi yako kila Jumapili jioni ni dakika tano: badilisha saa, bonyeza Commit, lala. Mathe akiulizwa lori iko wapi, anatuma linki tu.