Historia ya mwanga, kutoka leza hadi vijiti vya dhahabu

Wiki hii ni zamu yangu ya historia, na mimi nimechagua historia ya mwanga. Msicheke kwanza.

Mnajua najitolea zahanati. Juzi mtoto alikuja na homa, akapimwa malaria, hana. Damu ikapelekwa mjini, majibu yakaja siku ya nne. Siku zote hizo mama yake alikuwa na sisi pale kwenye benchi. Nikajiuliza: mwanga peke yake hauwezi kutuambia kilichomo kwenye tone la damu?

Hadithi inaanzia Marekani. Mwaka 1990, Stephen Harris na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford waliandika kwamba gesi inayozuia mwanga inaweza kufanywa iupitishe. Mwaka 1991 wakaonyesha kwa mvuke wa strontiamu: leza ya kwanza inazuiwa, lakini ukiwasha ya pili, ile ya kwanza inapita. Inakuwaje? Chukua bembea inayosukumwa na watoto wawili, huyu mbele huyu nyuma, kwa nguvu sawa na wakati mmoja. Si inabaki palepale? Ndani ya atomi pia misukumo miwili inafutana, hivyo mwanga haumezwi.

Mwaka 1999 Lene Hau, mwanafizikia wa Denmark aliyekuwa akifanya kazi Marekani, alitumia njia hiyo kwenye gesi ya sodiamu iliyopozwa kupita kiasi. Mwanga, unaokwenda kilomita 300,000 kwa sekunde, ukashuka hadi mita 17 kwa sekunde. Pikipiki kwenye lami inaupita!

Sasa, mitambo ya baridi namna hiyo nani ataileta kambini? Ndipo wakaja watu wa metamateria, yaani vitu ambavyo tabia yake inatokana na umbo la vipande vidogo kuliko wimbi la mwanga. Mwaka 2009 huko Stuttgart, Ujerumani, Na Liu, Harald Giessen na wenzao walipanga vijiti vya dhahabu. Kimoja juu kinadaka mwanga, viwili chini vinaamshwa na huyo jirani yao. Misukumo ikafutana, na mwanga ukapata upenyo mwembamba, bila gesi ya baridi.

Mwaka 2010 wakachonga nafasi kwenye utando wa dhahabu wakatengeneza kipimo. Kimiminika kilicho juu yake kikibadilika, rangi ya mwanga unaorudi inahama. Rangi hizo zikiwa finyu, hata kuhama kidogo kunaonekana.

Bado ni kazi ya maabara. Ili kitambue ugonjwa, lazima juu ya dhahabu pawekwe kitu kinachonasa kijidudu kimoja tu. Lakini dhahabu si ngeni kwetu: ule mstari mwekundu wa vipimo vingi vya malaria ni chembe za dhahabu.

Mlio sekondari, ile mada ya mwanga kupinda msiiruke. Ndicho kinachopimwa hapo.

Mtoto alipona. Ila benchi lile leo asubuhi lilikuwa limejaa.