Kuukuu, Kongwe, Kale na Zilipendwa

Dele la kahawa la shaba lisilopikiwa tena lina majina matatu katika mji mmoja, na kila jina lina bei yake. Jikoni, nyuma ya magunia, ni dele kuukuu: limetoboka kitako, mkono umelegea, lakini aliyelirithi hana moyo wa kulitupa. Akipita mnunuzi wa vyuma na mizani yake, linageuka chakavu. Halitazamwi umbo wala nakshi, linapimwa kwa kilo pamoja na mabomba na bawaba. Likinusurika hapo likafika kwenye maduka ya Hurumzi au Gizenga, Mji Mkongwe wa Unguja, likasuguliwa kwa ndimu na majivu mpaka likametameta, linapandishwa rafu na kuitwa la kale. (Wapo wakusanyaji wa Ulaya wanaosononeka wakiona ule ukijani wa shaba umesuguliwa wote, maana wao huununua pamoja na dele. Hiyo kesi ya siku nyingine.)

Kuukuu ni neno la macho na vidole. Linasema kitu kimetumika kikachoka, na halijali kimetumika kwa muda gani. Shati la mwaka juzi laweza kuwa kuukuu. Mlango wa msaji uliochongwa kabla babu hajazaliwa waweza usiwe kuukuu hata kidogo. Kongwe ni neno jingine kabisa. Hilo linasifu kudumu. Tunasema mwandishi mkongwe, nahodha mkongwe, na hakuna anayetukanika. Lakini liweke kwenye ngeli ya ki-vi, useme kikongwe, mara unamwona ajuza anayeshikwa mkono avuke barabara. Heshima na udhaifu zimelala kwenye shina moja. Ndiyo maana naona waliouita Mji Mkongwe, ule uliotiwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, hawakukosea neno: plasta imebanduka, boriti zimeoza, na bado nyumba zimesimama na zina watu ndani.

Kale ni gumu kuliko yote, kwa sababu si kivumishi. Haliwezi kukaa peke yake baada ya jina. Lazima lishikiwe na -a ya umiliki. Kiti cha kale, sahani ya kale, kana kwamba kale ni mtu na hivi ni vyombo vyake, sisi tumeazima tu. Serikali ililipenda. Kwa miaka mingi palikuwa na Idara ya Mambo ya Kale. Siku hizi, Tanzania Bara, utaliona zaidi neno malikale, mali na kale zimeunganishwa bila nafasi. Ni neno fupi, linaingia vizuri kwenye kibao cha ofisi. Mimi hata hivyo nayasikitikia yale mambo. Mambo yanaweza kuwa hadithi, wimbo, jina la kisima. Mali huhesabiwa, na kinachohesabiwa hakikosi wa kukitolea bei.

Wenzetu wa Magharibi wao wanauliza umri. Sheria ya ushuru wa forodha ya Marekani ya 1930 ilitaka kitu kiwe kimetengenezwa kabla ya 1830 ndipo kiingie nchini kama cha kale bila ushuru; mwaka 1966 wakaona mpaka huo umeganda, wakaweka miaka 100 inayosogea pamoja na kalenda. Kwa hiyo kiti kinaweza kulala usiku ni fanicha ya kawaida, kikaamka asubuhi ni antiki. Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanganyika ya 1964 nayo iliweka miaka yake, na hii ya kwetu ina jambo linalonifurahisha: imeutaja mlango. Mlango wa mbao au fremu yake, iliyochongwa nchini kwa mtindo wa Kiafrika au wa mashariki kabla ya 1940, ni kitu kilicholindwa. Aliyewahi kuzunguka Bagamoyo na kuona ukuta wenye tundu palipokuwa na mlango ataelewa kwa nini watunga sheria hawakuridhika na neno la jumla.

Hilo neno antiki wenye maduka wanalitamka bila shida. Nani analaumu? Mteja wao anashuka melini akiwa nalo mdomoni. Ila wakizungumza wenyewe kwa wenyewe barazani hulisikii. Hapo utasikia kitu: “Yakhe, kile kitu bado unacho?” Kila mtu anajua ni kitu gani. Barazani ndipo soko lenyewe lilipo, duka ni ghala tu. Kahawa inapita, bao linachezwa, na mwenye duka ambaye hana saa ya ukutani inayotafutwa humtuma kijana kwa jirani kuichukua, auze kama yake, jioni wagawane. Kinachoongezwa juu ya bei ya jirani kinaitwa cha juu, na ni istilahi safi kuliko nyingi zilizopitishwa na kamati: haifichi kitu. Dalali naye ana chake. Huyu ni mtu wa zamani katika biashara hii. Jina lake limetoka kwa Waarabu na maana yake ya asili ni mwonyesha njia. Mnada nao, katika lugha hiyohiyo, ni mwito. Baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964 nyumba nyingi za mji zilibadilisha wakaaji, na samani zikatembea njia hizohizo za mwonyesha njia na mwito, kutoka ukumbini kwenda dukani, kutoka dukani kwenda bandarini. Anayemleta mteja mlangoni bila kuombwa anaitwa papasi, yule mdudu anayeng'ang'ania ngozini. Nimeshawasikia mapapasi wenyewe wakijiita hivyo, wakicheka.

Ndani ya duka, maneno yamerundikana kama samani zenyewe. Sanduku ni la Kiarabu. Kasha ni la Wareno, pamoja na meza, na bweta lile dogo la kuwekea vito. Kabati limekuja na Waingereza. Masanduku yanayosifiwa sana, yale ya misumari ya shaba iliyopangwa kwa nakshi, mengi yalisafiri kwa majahazi kutoka pwani ya India na Ghuba, kwa hiyo tunakiita cha Zanzibar kitu kilichofundishwa Kiswahili ukubwani. Fungua moja ukute vijumba vidogo upande wa kushoto: hizo ni saraka. Neno lilikuwa linakufa pamoja na masanduku, mpaka watu wa kompyuta wakalichukua kuita mahali mafaili yanapopangwa. Kijana anayefungua saraka kwenye skrini kila siku anaweza kusimama mbele ya sanduku la bibi yake akakosa jina la kile kijumba. Chini ya sanduku kuna droo, ambazo wazee waliziita watoto. Droo ya meza ni mtoto wa meza. Sijui kwa nini tuliliacha jina hilo. Droo haina mama.

Kisha rafu ya vyombo. Sahani ya sini inataja China waziwazi, na sinia, hata ikiwa ya bati iliyogongwa jana mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, imechukua jina kwa Waarabu walioiita kitu cha Uchina. Pwani yetu ilizipenda sahani hizi kiasi cha kuzipangia zidaka ukutani na kuzijengea makaburini. Huko Kunduchi nguzo za makaburi zilipambwa kwa mabakuli ya kauri, na mengi yamebanduliwa na wezi yakabaki matundu ya duara. Kauri lenyewe ni neno la kustaajabisha. Kwetu ni simbi wa baharini na pia ni udongo ule mweupe wa Kichina. Wataliano, bila kutuuliza, walifanya vilevile: wakaupa udongo huo jina la simbi kwa sababu ya mng'aro wake, na Ulaya nzima ikawafuata. Watu wawili wa mbali wakitazama chombo kimoja wamekumbuka ganda moja.

Kiti cha enzi ndicho kinachowachanganya wageni na wenyeji pia. Ni kile kiti kirefu cha mpingo, kilichosukwa kwa kamba za pamba, chenye nakshi za mfupa au pembe, ambacho wazee wenye vyeo walikikalia na mgeni mkubwa alikaribishwa juu yake. Enzi hapo ni mamlaka. Lakini msikilize kijana wa leo: enzi kwake ni wakati uliopita, enzi za mkoloni, enzi zetu. Anaposikia kiti cha enzi anaelewa kiti cha zamani, na muuzaji hana haja ya kumsahihisha kwa sababu bei inapanda kwa maana zote mbili.

Na santuri. Neno la kinanda cha nyuzi cha mashariki likapewa mashine ya kupigia muziki, kisha bamba lenyewe. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu, alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi, sauti ya Kiswahili ilirudi nyumbani ndani ya santuri, na mabamba ya zama hizo yanayookotwa leo dukani, yamekwaruzika, yanauzwa kwa mtu ambaye mara nyingi hana cha kuyapigia.

Wala tusijidanganye kwamba kila kilichomo ni cha zamani. Mafundi wa masanduku wapo, wazuri, na sanduku jipya linaweza kuzeeshwa: chai kali, moshi, mnyororo wa kuligonga pembe. Nalipenda neno kuzeesha kwa unyofu wake. Linakiri kwamba uzee umetendwa, haukuja wenyewe. Orijino na feki yanafunga mjadala upesi mno. Sanduku lililozeeshwa na fundi mwenye mkono ni sanduku halisi kabisa, ila umri wake ndio wa uongo.

Nje ya Mji Mkongwe kuna soko jingine la vitu vilivyopitia mikono, kubwa zaidi, nalo lina neno lililosafiri kuliko yote. Mtumba, siku za misafara, lilikuwa robota la nguo mpya lililofungwa barabara na kubebwa begani na mpagazi kutoka Bagamoyo kwenda bara. Nguo nyingi za humo ziliitwa merikani, kwa sababu zilitoka Marekani, kwenye bandari kama Salem. Leo robota bado linatoka Marekani, bado linabebwa begani kwenye masoko ya Karume, Dar es Salaam, na Gikomba, Nairobi, ila nguo za ndani zimeshavaliwa. Jina la kifungashio likahamia kwenye hali ya kilichofungashwa: gari la mtumba, simu ya mtumba. Watu wa makamo wanakumbuka lile jina la utani, kafa Ulaya, lililomvalisha mnunuzi nguo ya marehemu asiyemjua. Waganda wana mivumba yao. Wanyarwanda wakachukua kitenzi chetu, chagua, kelele ya muuzaji juu ya rundo, wakaandika caguwa na kukifanya jina la bidhaa. Mimi nawapa wao ushindi: wameita nguo kwa kile ambacho mnunuzi anakifanya.

Kati ya masoko haya mawili kumeota la tatu, na hapo ndipo Kiswahili kinaonekana kukwama. Vijana wa Nairobi na Dar es Salaam wanauza simuni vitu ambavyo si vya kale wala si mitumba tu: redio ya mbao ya mwaka 1965, koti la mikono mipana, miwani ya fremu nene, kamera ya filamu. Wanaandika vinteji, neno la mavuno ya zabibu, lililotoka kwenye mvinyo likaingia kwenye magari na nguo. Nimewasikia wapenzi wa lugha wakipendekeza vya zamani, lakini zamani ni pana mno, inammeza Firauni na mwalimu wangu wa darasa la pili. Makuukuu yanatukana bidhaa. Vya kale vinapeleka redio ya 1965 makumbusho mapema.

Neno lipo, limekaa redioni miaka yote. Nyimbo za Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, za Cuban Marimba ya Salum Abdallah, za NUTA Jazz, tunaziita zilipendwa. Hakuna aliyeulizwa zina miaka mingapi. Hakuna tarehe ya sheria wala umri wa forodha. Kipimo ni kwamba watu walizipenda. Na sarufi yake ina ujanja: -li- inasema mapenzi yamepita, huku anayelitamka ndiye aliyeongeza sauti ya redio. Waliotunga istilahi ofisini wasingethubutu kumweka mpenzi asiyetajwa ndani ya kitenzi na kukiita jina.

Shida ni ngeli. Zi- ni ya nyimbo, na mwalimu wa sarufi atataka redio iliyopendwa, koti lililopendwa, viatu vilivyopendwa, tuishie na sentensi badala ya neno. Lakini wenye lugha hawakumsubiri. Muziki wa zilipendwa unasemwa kila siku, na zilipendwa hapo imeganda kama jiwe, haifuati ngeli ya mtu. Kwa njia hiyo koti la zilipendwa linatamkika, na redio ya zilipendwa, na duka la zilipendwa. Nililijaribu kwa muuza masanduku mmoja wa Gizenga, mzee wa makamo. Akanywa kahawa yake kwanza.

“Kwa redio, sawa,” akasema. “Kwa sanduku, hapana. Aliyelipenda yuko Muscat, na mwanawe bado anapiga simu kuuliza kama nimeliuza.”