Shule ya Tabora na Wana wa Watemi

Wasomaji wetu, wengi wetu tumekaa barazani pale wazee wanapomtafuta kijana wa kutunza fedha za kanisa au kuandika maneno ya mkutano. Swali la kwanza huwa ni hili: ni mwana wa nani? Desturi hiyo ni ya zamani, hata serikali ilipata kuijengea shule, nayo ni Shule ya Tabora.

Waingereza waliifungua mwaka wa 1925, katika nchi ya Unyamwezi, kwa ajili ya wana wa watemi wa Tanganyika. Mwaka uo huo alifika Gavana Donald Cameron, aliyekusudia kuitawala nchi kwa mikono ya wakuu wa kienyeji. Kazi hiyo ilitaka watemi wajuao kusoma, kuhesabu kodi na kuandika hukumu. Basi kijana aliletwa Tabora ili arudi kwao akatawale watu wa baba yake. Hakufunzwa kuwaomba watu kura, maana kura zenyewe hazikuwako.

Lakini bweni lina mafundisho yake. Vijana wa pande za Ziwa walilala pamoja na vijana wa mbali, na kwa kuwa hawakuwa na lugha moja ya nyumbani, walisemezana kwa Kiswahili na Kiingereza. Walioletwa ili kila mmoja awe mkuu wa kabila lake wakajuana. Jambo hilo, twadhani, lilipita masomo mengi ya darasani, wala halikuandikwa katika ratiba.

Mwaka wa 1937 aliingia kijana wa Kizanaki, Kambarage, mwana wa Mtemi Burito wa Butiama. Jina la Julius alilipata baadaye, alipobatizwa mwaka wa 1943. Kijana huyu hakupenda sana michezo. Alipenda vitabu, na zaidi ya hayo alipenda mikutano ya mabishano ya wanafunzi. Walimu wakamtaja awe kiranja mkuu. Mwalimu mkuu akakataa, akasema kijana ana huruma mno.

Twapenda kukaa kidogo juu ya neno hilo. Mwalimu mkuu alipima kwa kipimo cha kazi aliyoijua: alitaka mtu wa kuamuru, na wenziwe watii. (Nasi tulio walimu tusimcheke upesi, mara ngapi tumemchagua mvulana mwenye sauti kubwa, kwa kuwa darasa hunyamaza mbele yake?) Lakini katika nchi ambamo raia wanaweza kumwondoa mkuu wao, kiongozi hulazimika kulitetea neno lake mbele ya mtu aliye na haki ya kulikataa. Kazi hiyo haifunzwi kwa fimbo ya kiranja. Mabishano huifunza, kwa kuwa huko mtu hushindwa mbele ya rafiki zake, na kesho yake husimama tena.

Nyerere alikwenda Makerere, akarudi Tabora kufundisha katika shule ya misheni ya St. Mary's, na mwaka wa 1954 akawa mkuu wa chama cha TANU. Uhuru ulipokaribia, wasomi walikuwa wachache mno kwa kazi iliyokuwako. Ndipo mwaka wa 1961 kikafunguliwa Chuo cha Kivukoni, Dar es Salaam, kilichowapokea watu wazima wasio na vyeti vikubwa, wala hawakuulizwa ukoo wao. Chuo hicho baadaye kiligeuzwa kuwa cha kufundisha siasa ya chama kimoja, na hapo, kwa maoni yetu, kilipoteza kitu, maana penye fikira moja mabishano hudhoofika.

Januari 1962, majuma machache tu baada ya uhuru, Nyerere aliacha uwaziri mkuu, akamwachia Rashidi Kawawa. Huyu naye alisoma Tabora, lakini hakuwa mwana wa mtemi. Baba yake alikuwa mwindaji wa tembo. Na mwaka wa 1963 serikali ikafuta utawala wa watemi nchini kote, na kiti cha Burito kule Butiama kikafutwa pamoja na vingine.